Amplifaya Ifuate Spika: Barua kwa Mwanangu Aliyeko Nkwenda

Kayanga, Karagwe

Mwanangu mpendwa,

Nimeziona picha za spika ulizonunua Mwanza. Hongera sana. Hizo ni spika za kweli, na ukizitunza wanao watazirithi. Sasa unaniuliza ununue amplifaya ya wati ngapi. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote ya kazi, na muziki naupenda tangu enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, kwa hiyo swali lako nimelipokea kwa uzito wake.

Usianze na wati, mwanangu. Anza na spika. Kibandiko cha nyuma kina namba tatu: desibeli 86, omu 8, wati 30 hadi 120. Vijana wengi husoma hiyo ya mwisho tu. Wewe isome kwanza ya desibeli, kwa sababu ndiyo inayosema spika itatoa sauti kubwa kiasi gani ukiipa wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake. Kila ukitaka kuongeza desibeli 3, lazima wati ziwe maradufu. Ukitaka desibeli 10, wati ziwe mara kumi, na hapo sikio litaona sauti imekua kama mara mbili tu. Kwa hiyo usimlipe muuzaji fedha ya ziada ili utoke wati 50 kwenda 60. Tofauti hiyo utaisikia kwa shida.

Spika hazilingani hata kidogo. Miaka ya 1970 BBC ya Uingereza ilibuni spika ndogo, LS3/5A, kwa ajili ya magari yake ya matangazo. Wapenzi wa sauti safi wanaiheshimu mpaka leo, lakini kwa wati 1 inatoa kama desibeli 83 tu. Huko Marekani Paul Klipsch alitengeneza spika kubwa ya pembe inayokaa konani mwa chumba, nayo inavuka desibeli 100 kwa wati hiyo hiyo moja. Ili ile ndogo itoe sauti ya hiyo kubwa, ingedai nguvu zaidi ya mara 50, na kabla ya kufika huko ingekuwa imeshaungua. Anayekuambia kwamba wati nyingi ndiyo sauti nzuri hajui anachokisema.

Sasa tupige hesabu ya sebule yako. Kiti chako kiko kama mita 3 kutoka kwenye spika. Kwa umbali huo, ndani ya chumba cha kawaida, sauti hupungua kwa makadirio ya desibeli 6. Spika zikiwa mbili unarudishiwa 3. Kwa hiyo kila spika ikipata wati 1, pale ulipokaa utasikia desibeli 83. Muziki wa wastani wa desibeli 80 unatosha kabisa kuijaza nyumba, na huo unakula nusu wati tu kwa kila spika. Lakini muziki hauendi kwa wastani. Ngoma ikipigwa kwa nguvu, au mwimbaji wetu Saida Karoli akipandisha sauti, kilele kinaweza kuruka desibeli 20 juu ya wastani. Desibeli 20 ni nguvu mara 100, na nusu wati mara 100 ni wati 50. Kwa kitambo kidogo cha pigo moja la ngoma, amplifaya yako itadaiwa wati 50, iwe tayari na isitetemeke.

Hapo ndipo spika nyingi zinapofia. Watu huogopa amplifaya kubwa, lakini ndogo inayolazimishwa ndiyo inayoua haraka. Ikiishiwa nguvu, wimbi la sauti hukatwa kichwa na kuwa bapa juu na chini. Wimbi la namna hiyo huzaa masafa mengi ya juu ambayo hayakuwemo kwenye wimbo, na yote huelekea kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ambayo koili yake ni uzi mwembamba sana. Uzi unapata moto, unakatika. Dalili zake utazisikia mapema: sauti inakwaruza, besi inalegea, masikio yanachoka upesi. Ukizisikia, punguza sauti saa hiyo hiyo, hata kama wageni wanacheza. Wala usiamini kwamba uko salama kwa kuwa kitufe cha volyumu kiko katikati. Simu yenye sauti ya juu inaweza kuifikisha amplifaya ukingoni kitufe kikiwa nusu ya safari.

Kwetu huku kuna sababu nyingine ya kuweka akiba, nayo ni umeme. Unajua jioni unavyoshuka kila nyumba ikiwasha taa na televisheni. Amplifaya ya transfoma ya kawaida hupungua nguvu haraka kuliko volti zenyewe: umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, iliyokuwa ya wati 100 inabaki na kama 75. Aliyenunua inayomtosha mchana kwa kubana atajikuta usiku anaikwaruza. Ndiyo maana kwa spika zako nashauri wati 80 hadi 100 za kudumu kwa kila upande, kwenye omu 8. Hapo unazo zile 50 za kilele, unayo akiba ya jioni, na hujavuka 120 zilizoandikwa kwenye kibandiko. Weka na stabilaiza. Radi za Kagera nazo unazijua: wingu likifunga, chomoa plagi ukutani, usizime swichi tu.

Nasema wati za kudumu kwa sababu dukani utaoneshwa namba za ajabu. Maboksi ya sabufa yameandikwa maelfu ya wati za PMPO. Namba hizo ni za kuuzia. Geuza mashine, usome kibandiko cha nyuma kinachosema inakula umeme kiasi gani. Kama inakula wati 60 kutoka ukutani, haiwezi kuendelea kutoa wati 1,000 kwenye spika, maana hakuna chombo kinachotoa nguvu zaidi ya inayoingia. Tafuta neno RMS, ndilo la wati za kudumu, uulize ni kwa omu ngapi, na kama kipimo ni cha pande zote mbili zikifanya kazi pamoja.

Omu nazo, yaani kipimo cha ukinzani wa spika, zina mambo yake. Spika iliyoandikwa 8 inaweza kushuka hadi 5 au 4 kwenye baadhi ya masafa ya besi. Chagua amplifaya ambayo kiwandani wameipimia pia omu 4. Iliyo nzuri huongeza nguvu inapofika huko. Dhaifu hupata moto na kujizima. Na sikukuu ikifika usikubali mtu akuungie jozi ya pili ya spika sambamba ili muziki ufike uwanjani. Mbili za omu 8 zikiungwa hivyo zinakuwa 4, na zikishuka kwenye besi zinafika 2. Transista za amplifaya zikiungua, kupata za asili dukani ni kazi, za bandia zimejaa.

Ukipata amplifaya iliyotumika, ya Kijapani au ya Ulaya ya miaka ya nyuma, usiidharau, lakini nenda na fundi mwenye mita. Kabla hajaunga spika, aiwashe, asubiri dakika chache, apime volti za DC kwenye matundu ya spika. Zikizidi milivolti 50, iacheni. Kisha ungeni, mweke volyumu chini kabisa, utege sikio kwenye twita. Mvumo uwe mdogo mno. Kipimo hiki usikiruke, kwa sababu najua utasikiliza enanga, na enanga ni chombo cha upole. Mwimbaji anaposimulia habari za wafalme, vidole vinagusa uzi kidogo tu, na mashine inayovuma itakunyima nusu ya utamu wake.

Sebule yenyewe ina sakafu ya saruji na kuta tupu, kwa hiyo sauti itarukaruka. Tandika mkeka mzito mbele ya spika, weka pazia nene, usizibandike spika ukutani. Kazi hiyo itakupa zaidi ya wati 50 za kununua. Mvua ikianza kupiga bati, usishindane nayo. Zima, unywe chai na watoto.

La mwisho ni la fedha. Nimesikia unafikiria kuuza kahawa ingali mtini ili uharakishe. Nakukataza. Hiyo ndiyo butura, nayo imewafilisi wengi Karagwe na Kyerwa, watu wazima wenye mashamba makubwa kuliko lako, na hakuna wimbo unaostahili kuuza jasho la mwaka kwa bei ya kutupa. Spika hazitaoza. Zifunike, zikae mpaka uvune, ukaushe, uuze kwenye chama chako cha ushirika kwa bei ya mnada. Ukishapokea malipo yako, lipa ada za watoto, kisha uje Kayanga tukaitafute hiyo amplifaya pamoja.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi shangazi yako akupendaye.