Ukuta wa Sebule na Heshima ya Wazee

Mwezi huu napenda tuzungumze khabari ya ukuta wa sebule na vitu tunavyovitundika juu yake. Mgeni akikaribishwa nyumbani, kabla hajaletewa maji ya kunywa, macho yake yamekwisha kuuzunguka ukuta, naye amekwisha kujua ameingia kwa watu wa namna gani. Jambo hili twalidharau, na mimi nililidharau hata likaniletea majuto.

Katika utoto wangu, nyumbani kwetu Upanga, palikuwa na picha moja tu ya mtu ukutani, nayo ni ya marehemu baba, amekaa studio kwa kanzu na kofia, mikono juu ya magoti. Baba alifariki mwaka 1984, nami ningali shule ya msingi. Mwaka 1993, nikiwa kijana mwenye elimu chache na haraka nyingi, nilihudhuria darsa iliyosomesha hadithi ya Abu Talha, iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa wala yenye picha. Nilirudi nyumbani, nikapanda juu ya kiti, nikaiteremsha picha bila ya kumtaka mama rukhsa, nikaitia ndani ya sanduku uvunguni mwa kitanda. Mama aliniuliza, "Umemtoa baba yako?" Nikamjibu kwa sauti ambayo mtoto hapaswi kumjibia mzazi. Akanyamaza, wala hakulitaja tena jambo lile.

Mwaka 2004 aliugua. Siku moja akaniambia, "Baba, nitolee ile picha nimwangalie mzee wako." Nilifungua sanduku, nikakuta unyevu umeingia na koga imetanda, na picha imegandamana na kioo. Nilipojaribu kuibandua, karatasi ilitoka na uso ukabaki kwenye kioo, vipande vipande. Mama alitazama, kisha akasema, "Hapana neno, mwanangu. Mimi namkumbuka. Wajukuu wake ndio hawatamjua." Mwaka ule ule naye akafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili.

Sisemi kwamba hadithi iachwe, hasha! Wala mimi si mtu wa kutoa fatwa. Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya picha za kamera: wako waliozikataza, na wako waliozijuzisha, mathalan Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hata 1920, ambaye aliandika risala juu ya jambo hilo. Kila mmoja na amwulize sheikhe wake. Lakini kosa langu halikuwa katika hukumu. Lilikuwa katika adabu. Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, alipoona Mtume s.a.w. amechukizwa na pazia lake lenye picha, hakulitupa. Alilikata akalifanya mto, nao ukakaliwa nyumbani mle mle. Yeye alipata njia ya kutii pasipo kuharibu, na mimi sikuitafuta.

Wazee wetu wa pwani nao waliipata. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18 walijenga zidaka, safu kwa safu, kwa chokaa iliyonakshiwa, wakaweka humo sahani za kauri na vyombo vya thamani. Ukuta ulipendeza pasipo sura ya kiumbe hata mmoja.

Baada ya msiba nilifungua msahafu wa mama, nikakuta barua ambayo baba alimwandikia kutoka Tanga, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, akimwagiza asituache tukakosa chuo. Niliichukua pamoja na kofia yake ya kushonwa kwa mkono, nikaenda Kariakoo kwa fundi wa fremu. Kofia aliitengenezea fremu yenye kina kama kisanduku, isigandamizwe na kioo. Barua aliitolea nakala, na nakala ndiyo tuliyoitundika. Yenyewe imo ndani ya bahasha kavu, kabatini, kwani jua hula wino.

Fundi yule alinifundisha mambo ambayo laiti ningaliyajua mapema. Kitu chochote cha karatasi kisigusane na kioo. Kiwekewe kadibodi iliyokatwa dirisha katikati, ipate nafasi ya hewa. Nyuma ya fremu, katika pembe za chini, pabandikwe vipande vya mbao vyembamba ili isilale juu ya ukuta wenye unyevu, kwani sisi watu wa pwani twaishi na unyevu mwaka mzima. Isielekezwe penye jua. Na ikiwa ni aya ya Qurani, nami naongeza, itundikwe juu, mahali safi, kwa skrubu madhubuti, isije ikaanguka.

Ama picha za watu, ikiwa sheikhe wako amekuruhusu kuziweka, si lazima zitundikwe. Sisi tumezitia katika albamu, na nyuma ya kila moja tumeandika jina na mwaka. Sikukuu hutolewa, wakubwa wakawasimulia wadogo, kisha hurudishwa kabatini.

Uso wa baba sikuweza kuurudisha. Lakini mwaka jana binti yangu mdogo, aliyekwisha kuhitimu juzuu ya kwanza, alisimama mbele ya ile barua akaanza kuunganisha herufi, moja baada ya moja, hata akafika kwenye neno chuo. Akageuka akaniuliza, "Babu ndiye aliyeandika hivi?" Nikamwambia, "Ndiye." Akaendelea kusoma.

Basi, ndugu zangu, kabla hamjateremsha kitu cha mzazi ukutani, mwulizeni kwanza aliye hai, na mkijue mtakihifadhi wapi. Wabillahi taufiki.