Mkoba Uliorudi Umejaa

Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa miaka mingi niliichukulia methali hii kuwa kauli ya kuwacheka waoga. Ilinibidi niwe mja mzito ndipo nilipotambua kwamba ni kauli ya huruma.

Ulikuwa mwezi wa Julai mwaka 2025, nami nimetimiza miezi minane. Baridi ya Julai katika miteremko ya Mlima Kenya haina mzaha, na chumba chetu cha kupanga karibu na Kangaru, mjini Embu, kilikuwa hakipati jua ila alasiri. Muuguzi wa kliniki alikuwa amenipa orodha ya vitu vya kubeba siku ya kujifungua na kunisisitizia kwamba nisingoje uchungu uanze ndipo nianze kutafuta soksi. Nikaitii orodha ile kama mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Katika mfuko wa pembeni niliweka kitambulisho cha taifa, kijitabu cha kliniki, na karatasi yenye nambari yangu ya usajili katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Ndani nilipanga leso tatu, pedi kubwa, pamba, sabuni, mswaki, patipati, kikombe na chupa ya chai. Juu yake nikaweka vitu vya mgeni wetu: shali mbili, fulana, nepi, soksi na kofia ndogo isiyozidi kiganja changu. Muuguzi alikuwa amenieleza kuwa kofia hiyo si pambo. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi; hukaushwa mara azaliwapo, huwekwa kifuani pa mamaye, na Shirika la Afya Duniani hushauri asioshwe kabla ya saa 24 kutimia.

Siku iliyofuata Mama aliwasili kutoka kwetu, upande wa juu wa Nkubu. Alikuwa amelivuka daraja la Nithi, akapita Chuka na Runyenjes, huku amepakata gunia la njahi na unga wa wimbi wa uji wa mzazi. Alinisalimu kwa furaha na kunipapasa tumbo. Kisha macho yake yakaangukia ule mkoba uliokuwa wazi kitandani. Akaiona kofia. Uso wake ukabadilika.

"Mwanangu, mtoto aliye tumboni hanunuliwi nguo," alisema kwa sauti ya chini. "Viondoe."

Nilimjibu kwa ukali ambao hadi leo naujutia. Nilimwambia kwamba hayo ni mambo ya kale, kwamba mimi ni msomi, na kwamba hospitali haina ghala la shali. Mama hakubishana nami. Alitoka nje akaanza kuchambua njahi zisizohitaji kuchambuliwa.

Usiku, mume wangu akiwa kazini, Mama alinisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika miaka yangu yote. Kabla yangu kulikuwa na mtoto mwingine. Mnamo Novemba 1996, Mama akiwa kijana, aliufunga mkoba wake mapema kama nilivyofanya mimi. Uchungu ulimjia usiku, mvua ya vuli ikinyesha. Wakati huo kujifungulia hospitalini kulihitaji fedha. Tangazo la serikali la kuondoa ada za uzazi katika vituo vya umma lilikuja Juni 2013. Baba akatoka kwenda kukopa, nyumba hadi nyumba. Fedha zilipopatikana, gari halikupatikana. Gari la kubebea maziwa lilifika alfajiri, likakwama kwenye tope kabla ya kuifikia barabara ya lami. Mtoto alizaliwa humo garini. Hakulia.

"Nilirudi nyumbani na mkoba umejaa," Mama alisema. "Kila kitu kilikuwa kimekunjwa vilevile nilivyokikunja. Hakuna mzigo mzito kama huo."

Nilikosa la kusema. Nilikuwa nimemdhania mateka wa ushirikina, kumbe alikuwa mama aliyefiwa ambaye hakupewa nafasi ya kulia. Kwa kuwa hakuweza kuilaumu mvua wala umaskini, aliilaumu kofia.

Msomaji mpendwa, mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kwamba wajawazito hupotea kwa sababu ya kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Nilikuwa nimeyasoma hayo bila kujua kwamba nyumbani kwetu yana kaburi. Mkoba wa Mama haukuwa na kasoro. Kilichokosekana ni nauli na gari, vitu ambavyo hata orodha yangu mimi haikuvitaja.

Asubuhi nilimwomba Mama radhi. Nikamwambia kuwa iwapo angependa, ningezitoa nguo za mtoto. Alifikiri kitambo, kisha akaketi kitandani, akazitoa moja moja na kuzikunja upya. Katika soksi mojawapo alitia shilingi elfu tatu. Akamwagiza mume wangu atafute dereva wa teksi anayeishi jirani na jirani wa pili atakayeitwa iwapo wa kwanza hatapatikana. Nambari zao za simu aliziandika kwa kalamu ndani ya jalada la kijitabu cha kliniki, kwa maana simu huzimika. Hata hivyo alikataa mkoba ufungwe. "Nitaufunga mwenyewe siku ikifika."

Siku ilifika wiki tatu baadaye, saa tisa usiku. Dereva wa kwanza hakupokea simu. Wa pili alikuwa mlangoni baada ya dakika kumi. Nikiwa nimeushika ukuta, nilimwona Mama akiufunga mkoba kwa mikono inayotetemeka. Lugha yetu ina hekima: yeye alikuwa akifunga ili mimi nikajifungue.

Binti yangu alilia kabla jua halijachomoza.

Nawasihi wenzangu, hasa vijana wa kiume mnaodhani kwamba orodha ya uzazi ni shughuli za wanawake: isomeni, na muiongeze nauli na nambari za madereva wawili. Vilevile, mzee akikataza jambo, muulizeni sababu kabla ya kumcheka.

Tuliporudi nyumbani, Mama aliukung'uta mkoba uani. Zikaanguka leso zenye madoa, nepi chafu na shali iliyotapikiwa maziwa. Akajaza maji kwenye karai, akaanza kufua huku akiimba. Sijapata kumwona mtu akifurahia nguo chafu kiasi kile.