Taa Inacheza Wakati Gani?

Taa ikizimika hapa kwetu Bukavu, kauli ya kwanza hututoka kinywani kabla hatujafikiri: «Umeme umekatika.» Mara nyingi ni kweli. Umeme wetu hutoka Ruzizi, mto uleule unaoliacha Ziwa Kivu chini ya mji, lakini hautoshi kwa wote, na mitaa hupokezana giza. Tumezoea hivyo kulaumu kilicho mbali: mto, kabini ya mtaa, wakubwa. Ni nadra kuinua macho na kutazama dari letu wenyewe.

Sisi tunaoandika ni ndugu wawili, mafundi wa umeme wa majumbani. Marehemu baba yetu alitufundisha kazi hii jioni, baada ya shule, akatuachia sanduku lake la vyombo. Tumeifanya kwa zaidi ya miaka 20, tukipanda na kushuka vilima vya Kadutu, Ibanda na Bagira. Leo hatutaki kuzungumzia nyumba tulizozitia nuru. Tunataka kuwaeleza habari za nyumba moja tuliyokaribia kuiteketeza.

Mama mmoja mjane, anayelea wajukuu watatu katika nyumba ya mbao kwenye mteremko, alituita kwa sababu taa ya sebuleni ilikuwa inacheza: inafifia, inarudi, inafifia tena. Mmoja wetu alipanda juu ya kiti, akatoa balbu, akatia mpya. Taa ikawaka vizuri. Tukapokea franka za usafiri, tukaenda zetu. Wiki haikuisha akatuita tena. Tukabadilisha balbu mara ya pili, tukabadilisha na swichi, kisha tukamwambia kwa sauti ya wajuzi: «Mama, huo ni umeme wa mtaa. Leo una nguvu, kesho hauna.» Mama akaitikia. Angefanya nini? Sisi ndio tuliokuwa tunajua.

Siku hiyo ya pili, mjukuu wake wa mwisho, msichana wa miaka minane hivi, alisimama mlangoni akasema: «Nyumba inanuka sambaza, na hatukupika sambaza.» Tulicheka. Bibi yake akamtuma nje akacheze.

Siku nne baadaye, usiku, dari la tripleksi lilianza kutoa moshi juu ya sebule. Kwa neema mama alikuwa bado macho, akishona sare za shule za watu. Alikata disjonkta kuu, akawatoa watoto, akaita majirani. Walibomoa kipande cha dari na kumwaga maji. Paliungua mahali pasipozidi upana wa sinia. Anayejua jinsi nyumba za mbao zilivyosongamana kwenye vilima vyetu hahitaji kuelezwa ni nini kingefuata kama mama angekuwa amelala.

Asubuhi tulipanda darini. Kisanduku cha plastiki cha kuunganishia nyaya kilikuwa kimeyeyuka. Ndani yake waya wa kurudi, ule wa buluu tunaouita netri, ulikuwa umeungwa kwa kusokotwa na vidole, kisha ukafungwa utepe mweusi. Shaba ilikuwa imelika na kuwa nyeusi. Tulitazama namna ilivyosokotwa: mizunguko mitatu kuelekea kushoto, kisha ncha imekunjwa nyuma. Hatukumjua fundi mwingine aliyesokota hivyo. Ndivyo baba alivyosokota, na ndivyo alivyotufundisha. Miaka minne kabla ya hapo, mama alipotaka prizi kwa ajili ya pasi yake ya kazi, tuliichukua kutoka kisanduku hicho cha taa, kwa kuwa kilikuwa karibu na waya ulikuwa ghali.

Mmoja wetu alinong'ona kwamba tusiseme neno. Mama haelewi mambo ya nyaya, tutengeneze bure na yaishe. Hatutamtaja ni yupi, kwa maana mwingine naye alinyamaza kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Hatimaye tulishuka, tukamwambia: «Mama, kosa hili ni la mikono yetu.» Hakupaza sauti. Alikaa kimya, akakunja kitambaa alichokuwa nacho, kisha akauliza: «Na kwenye nyumba nyingine, wanangu, mlisokota hivyohivyo?»

Hatukuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililotufanya tuanze kujifunza upya kazi tuliyodhani tunaijua.

Tuone kwanza jambo lilivyotokea. Umeme unapopita katika kiungo kilicholegea, hupita mahali padogo mno, na mahali hapo hupata joto. Waya hutanuka kwa joto, husinyaa kwa baridi, na kila mara hulegea zaidi. Kutu nayo hutanda juu ya shaba, na joto huongezeka. Balbu ya kisasa ya wati 9, kwa umeme wa volti 220, haivuti hata sehemu ya 20 ya ampea moja. Kiungo kibaya chaweza kuibeba miaka mingi bila kujitangaza. Pasi ya wati 1000 huvuta ampea 4 na nusu. Lakini mwaka huo makala yalikuwa yamepanda bei, na mama alikuwa amenunua resho ya wati 2000, akaichomeka kwenye prizi ya pasi. Hiyo huvuta ampea 9. Umeme ukiongezeka mara 2, joto katika kiungo kilekile huongezeka mara 4.

Disjonkta yake ilikuwa ya ampea 16, nayo haikuanguka, na haikuwa na sababu ya kuanguka. Kazi yake ni kukata umeme unaozidi kiasi chake. Haioni kiungo kilicholegea juu ya dari wakati umeme unaopita haujavuka mpaka. Mwenye nyumba asiseme basi: «Disjonkta haikuanguka, kwa hiyo mambo ni salama.»

Ishara zilikuwepo zote. Taa ilikuwa inafifia kila mama alipowasha resho jioni, kwa kuwa vyote viwili vilirudi kwa kiungo kimoja. Na harufu ile ya sambaza ilikuwa harufu ya plastiki inayoungua polepole. Plastiki za vifaa vya umeme zikipata joto kali mara nyingi hunuka kama samaki. Mtoto alitoa ushuhuda ulio sahihi kuliko testa yetu. Kama tungemwuliza bibi yake swali moja tu, «Taa inacheza wakati gani?», angetujibu papo hapo: «Ninapopika.»

Tangu siku ile tunafuata utaratibu, na tunawaandikia ili nanyi mjue fundi wenu anapaswa kupitia wapi.

Kwanza tunauliza kabla ya kufungua sanduku. Ni taa moja, ni chumba kimoja, ni nyumba nzima, au ni mtaa mzima? Ilianza lini? Ni nini kiliongezwa nyumbani siku hizo? Kuna harufu, kuna mlio, kuna swichi yenye joto? Tunawauliza na watoto. Taa moja ikizimika peke yake, kosa liko karibu nayo: balbu, kishikio chake, swichi yake, au kiungo chake. Taa za vyumba kadhaa zikizimika pamoja, kosa liko pale njia zao zinapokutana.

Pili, balbu. Tunaijaribu katika taa nyingine inayowaka vizuri, badala ya kununua mpya na kukisia. Balbu ikiwaka kule, yenyewe haina hatia.

Tatu, tunakata umeme kwenye disjonkta hata kama mtaa mzima uko gizani. Hapa kwetu umeme hurudi bila kubisha hodi, na fundi anayefanya kazi kwa kutegemea giza la mgawo anaitegemeza roho yake juu ya mapenzi ya mtu asiyemwona. Tukikata, tunamwachia mtu wa nyumbani ulinzi wa disjonkta. Kisha tunaijaribu testa mahali penye umeme kwa hakika, tunapima tunapotaka kugusa, na tunarudi kuijaribu tena kule kwa kwanza. Testa iliyokufa husema kwamba kila waya umekufa.

Nne, kishikio cha balbu na swichi. Ndani ya kishikio mna ulimi wa shaba; ukibanwa sana au ukiungua, haugusi balbu tena. Swichi nayo inapaswa kukata fazi, waya unaoleta umeme. Ikikata netri, taa huzimika lakini umeme hubaki umesimama kwenye kishikio, ukimngoja anayebadilisha balbu. Balbu inayobaki na mwanga hafifu usiku baada ya kuzimwa yaweza kuwa ishara ya kosa hilo. Wakati mwingine sababu yake ni nyaya ndefu zilizolala sambamba, ambazo hupitishiana umeme kidogo. Lakini ni kipimo kinachoamua, si kukisia.

Tano, viungo. Tunafungua kila kisanduku na kuvuta kila waya kwa mkono. Unaochomoka ulikuwa unasubiri siku yake. Kusokota kwa vidole tumeacha. Tunatumia domino zenye skrubu, zilizokazwa vizuri, kila moja ndani ya kisanduku chenye kifuniko. Kuna ishara moja inayowapoteza wengi: taa haiwaki, swichi imewashwa, balbu nzima imo mahali pake, na testa inawaka kwenye nyaya zote mbili za kishikio. Wengine husema, «Umeme upo mwingi.» Kumbe netri imekatika, na umeme umepita ndani ya balbu ukakosa njia ya kurudi.

Sita, mzigo. Waya wa taa kwa kawaida ni wa milimita 1.5 za mraba, na disjonkta ya ampea 10 inautosha. Prizi hupewa njia yake, kwa waya wa 2.5. Resho isichukuliwe kamwe kutoka njia ya taa. Disjonkta ikianguka mara kwa mara, au fyuzi ikiungua, watu huweka kubwa zaidi, au huziba kwa kipande cha waya mnene. Huko ni kumziba mlinzi mdomo kwa sababu anatuamsha usiku. Tunachofanya sisi ni kutenga taa moja baada ya nyingine, mpaka tuone ni ipi inayomlazimisha kupiga kelele.

Liko pia kosa lisilo letu kulitengeneza. Taa zote za nyumba ziking'aa ghafula kupita kawaida, huku za jirani zikififia, yaelekea netri ya mtaa imekatika, na volti 220 zaweza kupanda kuelekea 380. Kata disjonkta kuu mara moja, waarifu majirani nao wakate, waite wenye laini. Asipande mtu mlingotini.

Na lile swali la mama? Tuliandika katika daftari nyumba zote tulizozikumbuka ambamo tuliongeza prizi kutoka njia ya taa. Zilikuwa 31. Tulizipitia Jumamosi kwa Jumamosi, kwa gharama yetu, tukichelewesha kazi za malipo. Haikuwa rahisi kubisha mlango wa mtu aliyetusifu miaka mingi na kumwambia: «Tumekuja kutazama kosa letu.» Wengine walicheka, wengine hawakutuita tena baada ya hapo. Katika nyumba 6 tulikuta utepe umekauka na shaba imebadilika rangi. Katika moja, juu kabisa ya kitanda cha watoto, kisanduku kilikuwa kimekwisha kupinda kwa joto.

Tulijiuliza kama tunamvunjia heshima baba kwa kuacha msokoto wake. Lakini baba alifunga nyaya za balbu mbili tatu katika nyumba zisizokuwa na resho. Sisi tulirithi mkono wake bila kuuliza mkono huo ulipimwa kwa mzigo gani. Sanduku lake tunalibeba bado; domino zimo ndani, karibu na koleo lake.

Ndugu wasomaji, jioni hii mtakapowasha taa, ikicheza, msikimbilie duka la balbu, wala msikimbilie kuulaumu mto. Tazameni ni saa ngapi, na ni chombo gani kimewashwa. Gusieni kifuniko cha swichi kwa mgongo wa mkono mkavu: kikiwa cha moto, kateni umeme na mwiteni fundi. Fundi akiondoka bila kuwauliza swali hata moja, mwiteni mwingine, hata kama fundi huyo ni sisi.

Nyumbani kwa mama yule, resho sasa ina njia yake, na taa ya sebuleni haichezi. Mara ya mwisho tulipopita, yule msichana alitufungulia mlango. Mmoja wetu akamwuliza kama nyumba inanuka kitu. Alinusa kwa makini, akachukua muda wake, na safari hii tulisimama tukamngoja ajibu.