Taa ya Kijani Ilinidanganya

Ndugu zangu wa chama, tangu kiangazi cha 2023 kila ninayekutana naye kwenye shughuli zetu ananiuliza habari za bwawa la Mjomba, na kila mmoja kaisikia kivyake. Wengine mnacheka. Basi leo nieleze mwenyewe ilivyokuwa, maana sehemu yake kubwa haichekeshi.

Mjomba anakaa Phoenix, kule Arizona, na mimi nimekaa kwake tangu nianze masomo ya uzamili. Nyuma ya nyumba ana bwawa la kuogelea la lita kama 60,000. Wiki ya kwanza tu akanikabidhi. "Wewe si injinia bwana? Hayo ni maji tu." Nami nikaitikia. Mtoto wa Tanga, nimekulia baharini, bwawa la chumvi litanishinda kwa lipi?

Kwanza tuelewane jambo moja. Watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, wanadhani bwawa la chumvi ni bwawa lisilo na klorini. Si kweli hata kidogo. Chumvi yake ni kama gramu 3 kwa lita, yaani sehemu moja ya kumi ya bahari au pungufu. Hata machozi yana chumvi zaidi ya hapo. Sisi tulimwaga mifuko 10 ya kilo 18 ikatosha. Kwa kiasi hicho chumvi haiui kitu. Kazi inafanywa na mashine: maji yanapita katikati ya mabamba ya titani yenye umeme, chumvi inachanganuliwa, klorini inatoka, inaua vijidudu, halafu mwisho wa safari inarudi kuwa chumvi tena. Ndiyo maana chumvi haiishi ovyo, labda watoto wayarushe maji nje au uyamwage mwenyewe.

Nilipoelewa hivyo nikaona hii kazi ni ya kula na kulala. Mashine ina taa. Ikiwaka kijani, chumvi ipo na umeme unapita. Nilikuwa naitazama ile taa asubuhi nikienda chuo na jioni nikirudi, basi.

Kumbe ile mashine ina tabia moja ambayo taa haiisemi. Pamoja na klorini inatoa vipovu vya haidrojeni, na vipovu vile vinakoroga maji na kuifukuza hewa ya ukaa. Maji yakipoteza hewa ya ukaa, pH inapanda. Bwawa linatakiwa likae kati ya 7.2 na 7.8. La chumvi halitulii hapo. Linapanda polepole kila siku, na usipolirudisha chini kwa asidi linakwenda zake.

Sasa ongezeni Phoenix. Maji ya bomba yanatoka Mto Salt, Mto Verde na Mto Colorado, na yana chokaa nyingi. Chemsheni chai mwezi mmoja tu mtaona ukoko mweupe ndani ya birika. Kiangazi kile joto lilifika nyuzi 43 au zaidi kwa siku 31 mfululizo, kuanzia tarehe 30 Juni hadi 30 Julai. Maji yalikuwa yanakauka tunayaona. Yakikauka chokaa inabaki, nami najaza kwa mpira maji mengine yenye chokaa yake. Pale pH ilipopanda, ile chokaa ikashindwa kuendelea kuyeyuka. Nyingine ikaganda kwenye mabamba ya mashine, nyingine ikaelea. Maji yakawa kama ya kuoshea mchele.

Mimi nikafikiri klorini haitoshi, nikaiongeza mashine mpaka asilimia 100. Yaani nilizidisha vipovu, vipovu vikazidisha pH. Injinia mzima!

Jumapili moja ya Julai Mjomba alikuwa na wageni, familia tatu pamoja na watoto wao. Nilisema maji yana vumbi la jangwani tu, waingie. Watoto wakaruka. Sisi wakubwa tuko kivulini na mishikaki. Mara mke wa Mjomba akasimama, akauliza, "Idi yuko wapi?"

Idi alikuwa na miaka sita. Tukahesabu vichwa, hayupo. Tukatazama majini. Ndugu zangu, kina kirefu cha lile bwawa ni mita mbili na nusu, na mimi nilikuwa siioni hata ngazi ya tatu. Niliruka na viatu. Nikawa napapasa sakafu kwa mikono, napanda kuvuta pumzi, nashuka tena, macho wazi na hamna kitu ila weupe. Mjomba naye kaingia upande wa pili na kanzu yake. Mara ya tatu nilipopanda nikasikia mtu analia kwa nguvu huko nyuma. Idi alikuwa jikoni, amekwenda kuchukua juisi.

Mama yake hakunilaumu. Alimshika mtoto, akakaa chini palepale kwenye saruji ya moto.

Jioni ile nilipima pH kwa matone, kitu ambacho sikuwa nimekifanya kwa wiki tano. Rangi ilipita nyekundu ikaelekea zambarau. Nikaifungua mashine, mabamba yamejaa ukoko kama lile birika. Nikafunga bwawa, nikamwambia Mjomba ukweli wote. Alinisikiliza, akasema tu, "Haya, lirekebishe."

Ilichukua siku sita. Asidi ya haidrokloriki unaivalia glavu na miwani, unaitia kwenye maji huku pampu inafanya kazi, na kamwe haikaribii klorini ya dukani, maana zikikutana hewa yake inaua. Nilikuwa natia nusu lita, nasubiri saa kadhaa, napima, natia tena. Mabamba niliyaosha kwa asidi iliyochanganywa na maji, na hapo ni asidi ndani ya maji, si maji ndani ya asidi. Kichujio nilikisafisha kila asubuhi. Kupunguza ile chokaa yenyewe hakuna dawa nyepesi, lazima umwage sehemu ya maji na kuweka mengine, na hilo tuliliacha mpaka Desemba kwa sababu jua la Julai linaweza kupasua plasta ya bwawa lililo tupu.

Siku hizi napima pH mara mbili kwa wiki, kiangazi mara tatu, naandika kwenye daftari. Taa ya kijani bado inawaka, siigombezi. Na Mjomba ameweka utaratibu wake nyumbani. Kabla mtoto yeyote hajaingia, anatupa sarafu kwenye kina kirefu, na watoto wanasimama pembeni mpaka mmoja aioneshe kwa kidole ilipolala. Asipoiona mtu, hakuna kuogelea. Idi anaiona kabla yetu sote, anapiga kelele, "Kaka, ile pale!"