Mtaa Mmoja wa Lushoto

Kina mama wenzetu, mkitafuta mahali pa kupumzika pasipo gharama kubwa, pandeni Lushoto, milima ya Usambara. Kutoka Mombo ni kama kilomita 33 za kona juu ya kona. Anayetapika garini akae mbele, asile mafuta mengi asubuhi. Tuliposhuka stendi, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kila mmoja wetu alitafuta sweta.

Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal. Barabara yake kuu utaimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa: maduka ya kanga, mafundi cherehani barazani, soko la karoti, kabichi na mapeasi, na salamu za Kisambaa kila upande.

Tulikuwa na mwenzetu aliyemuuguza mama mkwe wake miaka miwili bila kutoka nyumbani. Siku ya kwanza alimpigia simu mara tatu wifi yake, aliyebaki na mgonjwa. Siku ya pili alinunua peasi, akaketi kwenye ngazi za duka, akalila lote bila kumkatia mtu. Tulimwacha. Jioni akatuuliza nauli na chumba jumla ni kiasi gani. Mwakani anataka kumlipia wifi yake.