Jumamosi ya Bariadi: Baba kibandani, mwana uwanjani

SAA 11 jioni ya Jumamosi, mwezi Agosti, mji wa Bariadi hugawanyika. Pamba imeshauzwa, mifuko ina chochote, na ligi ya Uingereza ndiyo kwanza imeanza. Kundi kubwa la wanaume hujibana kwenye vibanda umiza. Mlangoni kuna ubao wa chaki wenye mechi za siku, ndani kuna mabenchi na joto la kutosha. Kundi dogo huenda kiwanjani, ambako vijana wa mitaa wanacheza ndondo, mshindi aondoke na mbuzi.

Kibandani hukosi kumkuta baba anayeijua Arsenal hadi kipa wa akiba. Muulize mwanawe anacheza namba ngapi kwenye timu ya mtaa, atakuna kichwa.

Baba huyo huenda hajui jambo moja. Mechi anayoitazama saa hiyo, ambayo kwa Uingereza inaanza saa 9 alasiri, Waingereza wenyewe hawaioni moja kwa moja kwenye televisheni zao. Tangu miaka ya 1960 wana utaratibu wao: Jumamosi, kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni, mechi hazirushwi mubashara nchini humo. Sababu yake ni kuzilinda timu ndogo. Walihofia kwamba mtu akioneshwa Manchester United sebuleni, hatatoka kwenda kuitazama timu ya mjini kwake.

Na timu hizo ndogo ni nyingi. Ligi nne za juu zina timu 92, na 20 tu ndizo za Ligi Kuu. Chini yake kuna ngazi nyingine nyingi, zenye timu za vimji ambavyo kwenye ramani utavitafuta kwa kidole.

Ajabu ni kwamba wageni huzifuata. Wajerumani, Waholanzi na Wanorwe hupanda ndege za bei nafuu, wakaenda kusimama kwenye jukwaa la watu elfu moja au mbili, mvua ikiwanyeshea, kutazama daraja la nne au la tano. Wanorwe walianza kuoneshwa mechi za Uingereza kila Jumamosi mwaka 1969. Walipenda wakiwa mbali, kama watu wa Bariadi, kisha wengine wakafunga safari. Wako mashabiki waliojiwekea nadhiri ya kufika kwenye viwanja vyote 92.

Wanachofuata si ufundi. Wanataka kusimama hatua chache kutoka kwenye mstari, kumsikia kocha akifoka, kunywa chai na wenyeji na kulipa kiingilio ambacho klabu itakiona. Na daraja hizo si za kudharau. Taifa Stars iliyokwenda AFCON kule Ivory Coast Januari 2024 ilikuwa na Tarryn Allarakhia wa Wealdstone na Haji Mnoga aliyekuwa akichezea Aldershot Town. Zote mbili wakati huo zilikuwa timu za daraja la tano.

Wasukuma hawakuhitaji Mzungu awafundishe jambo hili. Kabla ya mpira kulikuwa na Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma yenye upinzani wa zaidi ya karne moja. Baada ya mavuno makundi hayo hukutana uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Wengine huingia hata na chatu. Hakuna jaji wa kushinda miguu ya watazamaji: watu wakihamia upande huu, upande huu umeshinda. Watu walitembea kutoka vijiji vya mbali kwenda kuwa sehemu ya hesabu hiyo. Mtazamaji alikuwa na kazi ya kufanya, kwani asipokuja upande wake unaweza kushindwa.

Ndicho kinachokosekana kibandani. Ukiondoka kwenye benchi, Arsenal haitajua. Ukiondoka kwenye kamba ya uwanja wa ndondo, winga wa miaka 14 anajua, maana alikuwa amekuona.

Anayetaka kujionea afike Bariadi. Akitokea Mwanza atapita Magu hadi Lamadi, wilayani Busega. Hapo watalii wengi hunyoosha kuelekea lango la Ndabaka, waingie Serengeti. Yeye akate kulia, ashike lami kwa kama kilomita 70, akipita vijiji vya mkoa unaosifika kwa pamba kuliko mikoa yote nchini. Wageni si jambo jipya huku: sherehe za kitaifa za Nanenane zilifanyika viwanja vya Nyakabindi mwaka 2018, 2019 na 2020. Jioni aulize mpira unachezwa wapi. Ataoneshwa kiwanja cha vumbi, mama mwenye beseni la karanga, bodaboda zilizopangwa kama jukwaa, na watoto waliokaa juu ya mstari wa chokaa mpaka mwamuzi awafukuze.

Kwa akina baba, hakuna anayewaambia waiache Arsenal. Saa zenyewe zinaruhusu. Kuanzia Agosti hadi karibu mwisho wa Oktoba, mechi za saa 9 za Uingereza huanza saa 11 jioni kwa saa zetu. Baada ya hapo, Waingereza wakirudisha saa zao nyuma, huanza saa 12. Ndondo ikipigwa saa 9, jua kali lakini linavumilika, kipenga cha mwisho kitalia kabla chaki ya kibandani haijafutwa. Waandaaji wakikubaliana na wenye vibanda, mji mzima utatazama mechi mbili kwa siku moja, na ile ya kwanza ndiyo yenye mtoto wa mtu.

Jumamosi ijayo mwanao akitoka na viatu mkononi, muulize anacheza namba ngapi. Kisha mfuate.