Mchoro Wangu wa Kichocho

Mwaka jana katika mtihani wa elimu ya viumbe tuliulizwa tuchore duara la maisha ya kichocho. Nilichora vizuri, nikapata alama zote. Mwezi uliofuata nilikwenda nyumbani likizo, kijijini kwetu kando ya Ziwa Albert, na asubuhi ya kwanza nikaenda kujisaidia katika matete ya ufukoni, kama nilivyozoea tangu utoto. Nawaambieni jambo hili la aibu kwa kuwa habari yangu yote imetoka hapo.

Siku chache baadaye mwenyekiti wa kijiji aliita mkutano mwaloni. Wavuvi walikuwa wamechanga fedha, nazo zilitosha kazi moja tu: ama kutengeneza banda la kuuzia samaki, ama kuchimba vyoo. Kiswahili ndiyo lugha ya mwalo wetu, maana wachuuzi wengi hutoka ng'ambo, Congo. Basi kila mtu alifahamu yaliyosemwa.

Baba mdogo, mwenye mtumbwi wake, alisimama akasema, "Habari ya kichocho tumeichoka. Watoto walimeza vidonge shuleni. Mdogo wake huyu," akaninyoshea kidole, "alimeza akapona, na leo anaharisha damu tena. Kama dawa haifai, choo kitafaa nini? Tujenge banda." Wengi wakampigia makofi.

Moyo ulinidunda, kwani aliyetajwa ni ndugu yangu wa tumbo moja, mwenye miaka 11. Nikaomba ruhusa, nikachukua kijiti, nikachora mchangani duara lile lile la mtihani.

Niliwaeleza hivi. Minyoo ya kichocho cha kwetu, dume na jike, hukaa katika mishipa ya damu karibu na matumbo ya mtu, na huweza kuishi humo miaka mingi. Jike hutaga mayai mengi kila siku. Mengine hukwama katika ini, na hayo ndiyo yaletayo tumbo kubwa na kutapika damu. Mengine hutoka pamoja na mavi. Yakifika ziwani huanguliwa, lakini kijidudu kitokacho hakiwezi kumdhuru mtu bado. Lazima kimpate konokono wa majini upesi, ama sivyo hufa. Ndani ya konokono huzaana kwa majuma kadhaa, kisha hutoka maelfu, na hao ndio wapenyao ngozi ya mtu aliyeingia majini. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliiona minyoo ya kichocho mjini Cairo mwaka 1851, lakini kazi ya konokono katika kichocho cha Misri ilithibitishwa na Robert Leiper mwaka 1915. Kwa miaka 64 wataalamu walimjua mnyoo, njia yake wasiijue.

Nikasema, "Baba mdogo, dawa haikutudanganya. Huua minyoo mikubwa iliyomo mwilini, lakini ile michanga huponyoka, wala haimkingi mtu anayerudi majini. Mdogo wangu alipona, kisha akaoga pale pale. Vijidudu vilivyomwingia vilitokana na mavi yetu wenyewe."

Mzee mmoja akacheka. "Mwanangu, juzi nilikuona ukitoka katika matete!"

Watu wote wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nikajibu, "Ni kweli, mzee. Labda ni mimi niliyemrudishia ndugu yangu ugonjwa." Kicheko kikakoma.

Ndipo watu walipoanza kuuliza maswali. Mmoja alitaka vyoo vichimbwe ufukoni penyewe, wavuvi wasitembee mbali. Mama mmoja muuza samaki akatukumbusha mwaka 2020, ziwa lilipofurika likaingia hata majumbani. Wote wakatazama mchoro, wakaona kwamba choo kikifurikiwa, mayai yamekwisha kufika kwa konokono. Ikaamuliwa vyoo vichimbwe juu, penye mwinuko. Mikono ilipohesabiwa, vyoo vilishinda banda kwa kura chache.

Baba mdogo hakunyosha mkono. Baadaye aliniuliza, "Nami nivutaye nyavu majini kila siku, duara lako lanisaidia nini?" Sikuweza kumwambia aliache ziwa, kwa kuwa ndilo lililonilipia karo. Nilimwambia ameze vidonge kila vinapogawiwa, na maji ya kuoga ayaweke siku mbili katika pipa lisilo na konokono, kwa maana vijidudu vile havidumu. Alinyamaza, lakini kesho yake nililiona pipa nje ya nyumba yake.

Juma lile nilikwenda na mdogo wangu kituo cha afya. Tulipopimwa, sote wawili tulionekana tuna mayai ya kichocho. Tukala kwanza, kisha tukameza vidonge pamoja.

Wenzangu, watu wa mwaloni hawakuwa wajinga. Waliona sehemu moja tu ya duara, yaani kidonge, wakataka kupiga kura kwa hiyo. Mimi niliyeliona duara zima sikulitumia mpaka nilipoaibishwa mbele ya watu. Wanafunzi wa zamani mlio katika kamati za vijiji, na sisi tutakaowafuata, tusiache mambo haya katika daftari. Usipoziba ufa utajenga ukuta.